Umri wa Watu wa Chakol

"Shida ya fomu zako, mzee, ni kwamba ni safi mno," Sheilah alisema, huku akiivuta karatasi ndefu iliyokuwa ikitoka kwenye mashine ya kuchapa kwa mlio kama wa msumeno.

Okwara alikaa wima kwenye benchi. Alikuwa amevaa koti lake la kijivu, lile la kanisani, kwa sababu ameitwa ofisini, na mtu akiitwa ofisini huvaa koti. Katika miaka yake hamsini na minane alikuwa ameambiwa mambo mengi: kwamba mwandiko wake ni kama wa kitabu, kwamba anatembea kama askari, kwamba aliyejifunza kusoma akiwa na ndevu asijifanye mwalimu. Kwamba usafi ni kosa, hilo hakuwa amewahi kuambiwa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha kukodi nyuma ya duka la magodoro, Busia mjini, karibu na pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda. Ulikuwa mwaka wa 1998. Kwa wiki sita makarani walikuwa wakizunguka katika maeneo yaliyochaguliwa, kuanzia Matayos hadi Angurai, wakiuliza kila boma maswali yale yale: nani analala hapa, ana umri gani, mama amezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Sheilah alikuwa ametumwa kutoka Nairobi na kompyuta moja. Kazi yake haikuwa kuwauliza watu maswali. Kazi yake ilikuwa kuyauliza majibu maswali.

Alitandaza karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa umri wa watu katika maeneo mengine yote yakiwekwa pamoja. Ulipanda na kushuka kama meno: thelathini juu, thelathini na moja chini kabisa, thelathini na tano juu, arobaini juu zaidi. Alimweleza kwamba hivyo ndivyo ilivyo popote ambapo watu hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Mtu hukisia, na anayekisia hupenda kuishia kwenye sifuri au tano, ilhali hakuna mahali duniani ambapo akina mama wanazaa mara moja kila miaka mitano. Kuna kipimo cha kosa hilo, akasema. Ukipata mia, umri umetajwa vizuri. Ukipata mia tano, kila mtu amekisia. Maeneo mengine yalikuwa yamepata mia moja themanini, mia moja tisini na tano.

Karatasi ya pili ilikuwa ya Chakol, eneo la Okwara. Mstari wake ulishuka pole pole, kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba.

"Mia na nne," Sheilah alisema. "Hata Nairobi hatupati mia na nne."

Okwara alijizuia asitabasamu. Akatoa mfukoni daftari lililofunikwa kwa karatasi ya khaki, akaliweka juu ya mchoro. Humo alikuwa ameandika miaka yote ambayo watu wa mpaka huu wanaikumbuka bila kuulizwa. Mwaka wa mafuriko makubwa kabla ya Uhuru. Mwaka ambao Wahindi waliofukuzwa Kampala walipita stesheni ya Malaba na watoto wao na masanduku yao. Miezi ambayo askari wa Amin walikimbia wakivuka mto na kuvua magwanda vichakani. Mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano. Na mingine ambayo haiko katika kitabu chochote, kama ule ambao upepo uliezua bohari ya pamba na mabati yakaokotwa hadi kwa chifu. Mtu hajui ana miaka mingapi, Okwara alieleza, lakini anajua alikuwa amefika wapi. Anajua kama siku ile alikuwa anabebwa mgongoni, au anachunga, au tayari ana mtoto wake. Karani akiwa na subira, miaka inajitoa yenyewe.

Sheilah alilifungua daftari, akasoma kurasa tatu, nne. Uso wake ulilainika, kisha akalifunga.

"Ni zuri. Lakini nimeona makarani wenye daftari zuri, mzee, na fomu wamezijazia hotelini wakinywa chai. Tunaita kupika. Anayepika akiwa mjanja, anaepuka sifuri na tano."

Halafu akataja jambo la pili, na hili alilisema akiwa ameshusha sauti. Watoto waliokufa. Katika fomu za Okwara walikuwa karibu mara mbili ya wale wa maeneo ya jirani. Chakol haikuwa na ugonjwa ambao Matayos hawana. Vilikuwa vimetoka wapi vifo hivyo?

Mambo mengine hayasemwi kwa msichana aliye sawa na binti yako, juu ya meza, mlango ukiwa wazi na wenye magodoro wakisikiliza. Okwara alisema tu kwamba aliandika alichoambiwa.

Basi Sheilah akamweleza utaratibu. Karani mwingine angerudi katika maboma kumi ya Chakol, na maboma hayo yangechaguliwa kwa nambari za kubahatisha, si kwa kupenda kwa mtu. Majibu yakilingana, vizuri. Yasipolingana, fomu zote za Chakol zingetolewa, na nafasi yao ingejazwa kwa wastani wa maeneo ya jirani. Na jina la karani lingeandikwa katika orodha ya wale wasiopewa kazi tena. Mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa wa sensa.

Okwara alielewa kila neno. Alikuwa amepakia magunia ya kahawa stesheni ya Malaba kwa miaka kumi na tisa, begani, kabla ya kuanza kwenda madarasa ya ngumbaru jioni, magoti yake yakigonga dawati la watoto. Alijifunza herufi, kisha hesabu, kisha Kiingereza cha barua. Mwaka wa tatu stesheni ikampa kalamu na ubao, akawa yeye ndiye anayeyahesabu magunia ambayo wengine wanayabeba. Hakuna gunia lililompotea. Tumaini la kuwa msimamizi wa sensa, hilo alikuwa amemwambia Leonida, mke wake, tu, tena mara moja.

Lakini alipokuwa akitoka, kilichomuuma zaidi hakikuwa orodha. Kilikuwa ule wastani. Akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo watu wa Chakol watapewa umri wa watu wa Matayos," alisema. "Kila mtu aniambie wake, halafu mashine impe wa jirani."

"Ndivyo tunavyofanya kunapokuwa na pengo," Sheilah akajibu. "Siyo kwa ubaya, mzee."

Aliyetumwa Chakol aliitwa Levis, karani mwepesi wa miguu na wa mdomo, ambaye kwa siku moja alimaliza maboma mengi kuliko mtu yeyote. Maboma kumi aliyamaliza kwa siku mbili. Jumatano asubuhi fomu zake ziliwekwa upande wa kushoto wa meza, zile za Okwara upande wa kulia, na Sheilah akazipitia moja moja kwa rula. Makarani wengine waliokuwa wameleta fomu zao walijifanya wanasoma gazeti.

Hazikulingana. Mahali ambapo Okwara aliandika thelathini na nane, Levis aliandika arobaini. Ishirini na sita ikawa ishirini na tano. Hilo halikumshangaza Sheilah. Lakini katika maboma hayo kumi Okwara alikuwa ameandika watoto kumi na mmoja waliokufa. Levis aliandika wanne.

"Mzee amezika watoto wa watu bila matanga," Levis alisema, na gazeti likatikisika kwa kicheko.

Okwara hakugeuka. Kama angekuwa kijana wa stesheni angejua la kufanya na mdomo ule. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena, akasoma fomu za Levis zote kumi bila haraka, kana kwamba ameajiriwa kuzikagua.

"Huyu hakudanganya," alisema mwishowe. "Ameandika alichoambiwa. Na mimi pia."

"Haiwezekani nyote wawili," Sheilah alisema.

"Inawezekana. Twende ukaulize mwenyewe. Chagua boma wewe. Mimi sitasema neno."

Sheilah akachukua kitabu chake cha nambari, akafumba macho, akaweka kidole. Boma la saba.

Gari la ofisi liliwafikisha hadi sokoni Chakol, wakamalizia kwa miguu kati ya mihogo na mtama uliokuwa umeanza kuinamisha vichwa. Njiani Sheilah alirudia masharti. Angesoma maswali kama yalivyoandikwa. Okwara angeketi pembeni, asikohoe hata kidogo. Okwara alikubali. Alikuwa anaujua mlango wa boma la saba kabla hawajaufikia, na alikuwa anajua pia kwamba kwa masharti hayo anaweza kurudi Busia akiwa amekwisha.

Mwenye boma aliitwa Gaudencia. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawatolea viti, akamuuliza Okwara habari za nyumbani, kisha akamtazama Sheilah kwa huruma kidogo.

"Serikali imesahau tena niliyosema?" aliuliza. "Hii ni mara ya tatu. Mkija ya nne nitawapa majembe."

Sheilah akacheka, akaomba radhi, akaanza. Umri? Gaudencia akasema weka arobaini. Okwara alitazama vidole vyake. Huyu mama alikuwa anabebwa mgongoni mwaka wa mafuriko. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia jinsi mama yake alivyovuka maji naye akiwa amemshika kichwa. Lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu mafuriko, na Okwara alikuwa ameahidi.

Amezaa watoto wangapi? Wanne. Wote wako hai? Wako hai, Mungu ni mwema. Sheilah alisoma swali linalofuata polepole, neno kwa neno, kama inavyotakiwa: je, kuna mtoto yeyote, wa kiume au wa kike, aliyezaliwa hai halafu akafa, hata kama aliishi saa chache tu?

"Hapana," Gaudencia alisema. "Hakuna aliyekufa."

Alilitamka bila kusita na bila kuficha macho. Maneno yalikuwa yamemjaa Okwara hapo kwenye meno. Alibana taya akasubiri, na alitaka huyu msichana aone mwenyewe, kwa sababu angeambiwa na mtu aliyeshtakiwa isingekuwa na maana. Kalamu ya Sheilah ikaandika sifuri.

Ikaja sehemu ya majina. Mercyline, miaka kumi na tisa, ameolewa Angurai. Omoding, kumi na tano. Okello, tisa. Benta, sita.

Kalamu ilisimama.

Sheilah aliinua kichwa, si kwa Gaudencia bali kwa Okwara. Okwara alikuwa anatazama kuku.

"Okello," Sheilah alisema. "Kwetu pia tuna Okello. Ni jina la ukoo? Amepewa la babu?"

"La babu wapi. Ni lake mwenyewe. Amezaliwa nalo."

Sheilah aliifunika fomu kwa kiganja, akasogeza kiti karibu, na alipouliza tena hakuwa anasoma popote.

"Mama, Okello aliwafuata akina nani?"

Gaudencia akatazama chini. Alikusanya kanga yake magotini, akaikunja, akaikunjua.

"Opio na Odongo," alisema. "Waliruka. Opio siku ya pili, Odongo wiki ile ile."

"Mbona umeniambia hakuna aliyekufa?"

"Umeniuliza waliokufa." Hakukuwa na ukali katika sauti yake. "Pacha hafi, dada. Pacha anaruka. Ukisema amekufa, ukilia, anasikia, anarudi kumchukua aliyemfuata. Yule kijana aliuliza kama wewe, nikamjibu hivyo hivyo. Huyu mzee ndiye aliuliza vizuri. Alimwona Okello anapita, akajua jina hilo hupewa anayewafuata pacha, akaniuliza kama ulivyouliza sasa."

Sheilah aliuliza kama kuna mtu mwingine wa kukumbukwa, na kumbe alikuwapo bado mmoja, ambaye hata Okwara hakuwa amempata: msichana aliyezaliwa kati ya Mercyline na Omoding, hakufikisha siku ya kupewa jina. Gaudencia alimtaja akiwa ameshika ncha ya kanga mdomoni. Okwara aliondoka kwenye kiti chake, akaenda kusimama upande wa pili wa ghala, kwa sababu hilo halikuwa lake kulisikia.

Walirudi mpaka karibu na soko. Okwara alingojea kuombwa radhi. Alikuwa amejiandaa kuipokea kwa heshima, bila kumkandamiza mtoto wa watu. Lakini Sheilah alisimama chini ya paa la kinu cha posho kilichokuwa kimefungwa, akamgeukia.

"Ulibadilisha swali," alisema.

"Nilibadilisha."

"Tulifundishwa siku nne, mzee, kwamba swali halibadilishwi."

"Nilikuwepo. Nilikaa mbele."

Sheilah akamweleza basi, na hakumweleza kama mtoto wala kama mshtakiwa. Alichukua kijiti, akachora mavumbini duara mbili. Hii Chakol, hii Matayos. Kama Okwara peke yake ndiye anayeuliza vizuri, basi kitabu kitakapochapishwa kitasema watoto wanakufa zaidi Chakol kuliko Matayos. Wakubwa watasoma. Dawa na madaktari watapelekwa Chakol. Na kumbe Matayos wanakufa vile vile, ila huko hawakuulizwa. Fomu safi katikati ya fomu chafu nayo inadanganya, kwa namna yake.

Okwara alizitazama zile duara muda mrefu. Alikuwa ameyafikiria mengi siku ile ya kwanza aliposikia jina la Okello na kuamua kuliacha swali la karatasi. Hili hakuwa amelifikiria. Lilimwingia taratibu na kumkaa vibaya, kama kiatu kipya, na hata hivyo aliona kwamba ni kweli, na kitu kilicho kweli hakukionea aibu kukijifunza, hata kutoka kwa mtu wa miaka ishirini na saba.

"Kwa hiyo unazitupa," alisema.

"Sizitupi." Alifuta duara kwa kiatu. "Nitafanya kinyume. Nitachukua maboma arobaini Matayos, kwa nambari za kubahatisha. Tutarudi na maswali yako. Tuone wale makarani wetu waliwakosa wangapi katika kila kumi. Tukishajua hiyo, tunaweza kusahihisha eneo zima, na mengine, bila kumpa mtu umri wa jirani. Lakini nahitaji maswali hayo yakiwa yameandikwa. Yote, kama unavyoyauliza, kwa mpangilio unaoufuata. Na ripoti itasema wazi kwamba karani wa Chakol alivunja utaratibu. Siwezi kulificha. Sijui wakubwa wa sensa watalionaje."

"Liandike," Okwara alisema. "Na uandike majina yangu mawili. Okwara Ochom. Isije ikadhaniwa ni Okwara mwingine."

Hapo ndipo Sheilah alipocheka kwa mara ya kwanza kama mtu aliye nyumbani. Kisha kicheko kikaisha, akatazama njia waliyotoka.

"Mjomba wangu ni Okello," alisema. "Na sijawahi kumuuliza nyanya."

Usiku ule Okwara alimwomba Leonida asogeze taa, akaandika kurasa mbili kwa mwandiko wake wa kitabu. Hakuandika kwamba ni maswali yake. Aliandika juu kabisa: Keti kwanza. Usiulize ukiwa umesimama. Halafu: Uliza majina kabla ya hesabu. Akafuata na mengine, kuhusu Opio na Okello, kuhusu mtoto aliyepewa jina la barabarani au la jalalani kwa sababu ndugu zake hawakukaa duniani, kuhusu mama anayesema watatu huku amekunja vidole vinne. Pale penye neno alilolifikiria mara mbili, alilifuta kwa mstari mmoja uliopigwa kwa rula. Leonida, aliyekuwa akimtazama, aliuliza kama ndiyo barua ya kujitetea. Akamwambia hapana, ni kazi.

Ijumaa walikuwa Matayos. Boma la kwanza katika yale arobaini lilikuwa limewahi kutembelewa na karani ambaye fomu yake ilisema: mama, miaka thelathini na tano, watoto watatu, hakuna aliyekufa. Sheilah alikuwa ameikunja fomu hiyo na kuitia mkobani bila kuitazama tena. Mkononi alishika kurasa mbili za Okwara.

"Mimi nitauliza," alisema. "Wewe usikae karibu, mzee. Wakikuona watakujibu wewe, na leo tunapima maswali."

Okwara akabaki langoni. Kutoka pale hakusikia chochote isipokuwa kinu cha mbali. Alimwona mama wa boma, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, akiendelea kupepeta wimbi wakati mgeni anaketi, akijibu bila kuinua macho, kama mtu anayejibu serikali. Ungo ulipanda, ukashuka. Sheilah aliongea kidogo. Alinyamaza kirefu. Akaongea tena, na safari hii karatasi zilikuwa zimelala magotini, hazisomwi.

Ungo ukasimama hewani, kisha mama akauweka chini, taratibu sana, kando ya mguu wake. Alianza kusema. Alisema akitazama mbali, kuelekea migomba, na mkono wake mmoja ulikuwa ukionyesha urefu kutoka ardhini: hapa, na hapa, na mwingine chini kabisa, usawa wa nyasi. Sheilah aligeuza ukurasa, akaendelea kuandika.

Jogoo alikuja, akautazama ungo kwa jicho moja, akapanda ukingoni na kuanza kula wimbi. Kuku wawili wakamfuata. Hakuna aliyewafukuza.